Ng'ombe Wakongwe Wakati wa Karantini
Hotuba kwa wafugaji wa Dundori

Karantini ya mifugo inapotangazwa, jambo la kwanza alifikirialo mfugaji ni maziwa yake. Ng'ombe mkongwe husahauliwa. Lakini huyo aliyekwisha kuhesabiwa kuwa ni wa kuuzwa ndiye alaye faida ya boma polepole, siku baada ya siku, pasipo kurudisha kitu.

Wenyeji wa Dundori wajua jinsi mambo yaendavyo. Ugonjwa wa miguu na midomo ukionekana, soko hufungwa, na hapana mnyama mwenye kwato zilizopasuka aruhusiwaye kuondoka bila kibali, awe ng'ombe, kondoo, mbuzi au nguruwe. Mtu aliyewatenga ng'ombe wanne, huyu hashiki mimba, yule meno yamekwisha, mwingine kiwele kimeharibika, akitumaini kuwauza kabla ya karo ya Januari, huwakuta wangali zizini mwezi wa Machi.

Hesabu yake si ngumu. Ng'ombe wa kilo 400 hula kadiri ya kilo 12 za chakula kikavu kila siku. Wanne hula kilo 48. Na robota la nyasi likiwa na kilo 15, katika siku 90 humaliza marobota karibu 290. Nyasi hizo zingaliweza kutoa maziwa. Tena karantini iondolewapo, kila mtu hupeleka mifugo yake sokoni kwa pamoja, na wafurahio ni wanunuzi.

Taabu hii si ya Dundori peke yake. Mwezi wa Mei 2003, ng'ombe mmoja wa jimbo la Alberta, nchini Kanada, alithibitishwa kuwa na kichaa cha ng'ombe, na Marekani ikaufunga mpaka wake. Ng'ombe wachanga, wasiotimiza miezi 30, waliruhusiwa kuvuka tena Julai 2005. Waliopita umri huo walingoja hadi Novemba 2007. Machinjio ya nchi hayakutosha kuwapokea wakongwe wote, na mashamba yakajaa ng'ombe ambao wenyewe walikwisha kukata shauri kuwaondoa.

Mfugaji mwenye busara huchagua wa kuuzwa kila mwaka, mapema, soko lingali wazi. Soko likiisha kufungwa, kazi ni kupunguza hasara. Anayetoa maziwa na aendelee kukamuliwa. Aliyekauka asipewe chakula cha dukani kilichokusudiwa wenye maziwa. Mabua ya mahindi na majani yamtosha, maadamu ana meno ya kutafuna. Mwenye afya ambaye kosa lake ni kutoshika mimba tu, tena si mzee, apimwe na daktari wa mifugo, pengine ataweza kupandishwa tena. Ila si kwa fahali wa kuazima, maana fahali huyo atembea na ugonjwa boma hata boma.

Viazi vidogo visivyouzika, ambavyo Dundori havikosekani, vyafaa kumnenepesha mkongwe, lakini vikatwekatwe, kwa kuwa kiazi kizima huweza kumkaba koo. Vilivyogeuka kijani au kuchipua vina sumu, visitumiwe.

Lililo baya kuliko yote ni kuuza usiku. Ng'ombe aliyeambukizwa aweza kukaa siku 2 hadi 14 bila dalili yoyote, naye mnunuzi wa Ol Kalou amwona mzima kabisa. Virusi huchukuliwa pia na viatu, nguo na magurudumu ya lori. Mwuzaji apata shilingi zake. Jirani zake, wanaotegemea maziwa yao ya kila asubuhi, waona ng'ombe wao wakitokwa na mate, wakichechemea, na maziwa yakikauka, na karantini iliyokuwa karibu kwisha huanza upya. Sheria nayo ina adhabu kwa kosa hilo.

Njia ya halali ni kumwendea afisa wa mifugo na kuuliza kama ruhusa yaweza kutolewa ya kuwapeleka wanyama moja kwa moja machinjioni. Yeye ndiye mwenye kuamua, kwa kadiri ya hali ya ugonjwa. Waombao wakiwa watano au sita pamoja, lori hujaa na gharama hugawanyika. Ila kila mmoja ataje dawa alizompa mnyama wake na tarehe yake, kwa sababu aliyechomwa sindano ya kiwele hachinjwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie.