Homa ya Mgonjwa Mwenye Mpira Shingoni Isisubiri Kesho

(Mazungumzo na wahudumu wa wagonjwa majumbani wa Kibaha na Kisarawe)



Wengi wetu tulizoea kuwatembelea wagonjwa wa UKIMWI na kifua kikuu. Siku hizi tunakutana na mgonjwa mwingine: wa figo, anayekwenda Muhimbili au Mloganzila kusafishwa damu kwa mashine, mara nyingi siku 3 kwa wiki, kisha anarudi nyumbani Mlandizi au Maneromango na mpira shingoni. Mpira huo umeingia kwenye mshipa mkubwa, na ncha yake iko karibu na moyo. Baadhi ya wagonjwa wa saratani nao huwekewa mpira wa namna hiyo kwa ajili ya dawa.

Mpira huu unaokoa maisha, lakini una madhara yake. Wakati wa kuuweka, sindano inaweza kugusa pafu au kutoboa mshipa usiokusudiwa. Hayo ni ya daktari kuyaangalia. Baadaye damu inaweza kuganda ndani yake, hewa ikaingia, au mpira ukachomoka. Lakini adui tunayekutana naye zaidi ni vijidudu. Ngozi iliyotobolewa ni mlango, na vijidudu vikipita hapo huingia moja kwa moja kwenye damu.

Adui huyo anaweza kuzuiwa. Mwaka 2004 hospitali za jimbo la Michigan, Marekani, pamoja na Daktari Peter Pronovost na wenzake, zilianza kusisitiza mambo 5 katika vyumba vya wagonjwa mahututi: kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kujikinga na kumfunika mgonjwa kikamilifu wakati wa kuweka mpira, kuepuka kinena, na kuondoa mpira usiohitajika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha maambukizi yamepungua kwa hadi asilimia 66 ndani ya miezi 18. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mashine mpya.

Nasi nyumbani tuna yetu ya kufanya:

1. Asiyenawa kwa sabuni na maji yanayotiririka asiguse mpira wala bandeji. Kibuyu chirizi kinatosha.

2. Bandeji ibaki kavu. Mgonjwa asijimwagie maji shingoni. Ajifute kwa kitambaa. Ikilowa au kubanduka, aende kwa muuguzi.

3. Vifuniko na vibanio vya mpira vifunguliwe na wauguzi wa kitengo chake tu. Mpira wa kusafishia damu si wa kutundikia dripu.

4. Kifuniko kikitoka, bana mpira mara moja, mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, mpelekeni hospitali. Mpira ukichomoka, kandamiza mahali palipotoboka kwa kitambaa safi bila kuachia, huku safari ikiandaliwa.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Huku Pwani mtu akipata homa, sote tunasema ni malaria. Tunampa dawa ya kutuliza homa, tunasubiri kuche. Kwa mgonjwa mwenye mpira, usiku huo mmoja unaweza kumwondoa. Homa na kutetemeka, hasa wakati wa kusafishwa damu au muda mfupi baadaye, ni dalili ya vijidudu kwenye damu mpaka ithibitishwe vingine. Usaha, wekundu au maumivu penye mpira ni dalili pia, ingawa mara nyingine ngozi huonekana safi kabisa.

Apimwe malaria, ndiyo. Lakini hata malaria ikionekana, haina maana kwamba mpira uko salama. Anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, damu yake ichunguzwe maabara, apewe dawa za kuua vijidudu kwa njia ya mshipa, na pengine mpira uondolewe. Akichelewa, vijidudu vinaweza kufika kwenye moyo au mifupa.

Basi safari iandaliwe kabla ya homa. Nauli itengwe, namba ya simu ya kitengo cha figo ibandikwe ukutani, na jirani mwenye gari au bodaboda aambiwe mapema, maana usiku wa mvua si wakati wa kuanza kutafuta usafiri.

Pia tumsaidie mgonjwa kumuuliza daktari kuhusu fistula, yaani kuunganisha mishipa ya mkononi ili mpira uondolewe. Huchukua wiki kadhaa hata miezi kuwa tayari, lakini maambukizi yake ni machache. Mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu.

Tukitoka hapa, kila mhudumu aulize katika mtaa au kijiji chake: nani ana mpira, na homa ikimpata usiku wa leo, nani atamsafirisha?