Nguo ya Mtoto: Kitambaa Kidogo, Kazi Nyingi

(Yafuatayo ni maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Bagamoyo na wafadhili waliotutembelea.)



Tumeombwa tueleze kuhusu ushonaji wa nguo za watoto kwa kutumia vitambaa vya mitumba na khanga za zamani, kazi ambayo akina mama wa vikundi vyetu wanaifanya kuanzia Mapinga na Kerege hadi Zinga, Kiromo na Bagamoyo mjini. Jambo kubwa tunalotaka mwondoke nalo ni hili: katika nguo ya mtoto kitambaa ni kidogo, kazi ndiyo nyingi. Anayeifanya kazi hiyo ionekane ya bure, anaua mradi hata kama nia yake ni njema.

Kitambaa si kitu kigeni kwetu

Katika karne ya 19 misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba kitambaa kama sisi tunavyobeba fedha. Kulikuwa na kaniki, na kulikuwa na merikani, pamba nyeupe iliyopata jina lake kwa sababu ilitoka Marekani. Kilipimwa kwa mikono: mikono 4 ilifanya shuka, na shuka 2 zilifanya doti. Neno doti tunalo mpaka leo tunaponunua khanga.

Hata kutumia kitambaa kilichochakaa si jambo jipya. Nani hapa hakupokelewa duniani kwa khanga ya bibi? Khanga iliyofuliwa miaka mingi imekuwa laini, ndiyo maana mama wa Pwani huikata nepi na kuifanya mbeleko.

Mitumba nayo iliongezeka sana baada ya Serikali kulegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ya 1980, kufuatia kipindi cha uhaba mkubwa wa nguo madukani. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walidhamiria kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ilishikilia ushuru mkubwa, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Tunayataja haya ili kamati zifahamu kuwa bei ya shati la mtumba hutegemea maamuzi yanayofanyika mbali na hapa. Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa kikundi ni ujuzi wa mama, kwa sababu anayejua kukata shati la mtumba anajua kukata khanga na kitenge pia.

Kuchagua na kuandaa

Akina mama hawanunui belo zima. Wanachagua kwa wachuuzi waliokwisha kulifungua, ama kwenye magulio ya huku, ama Karume na Manzese jijini Dar es Salaam. Wanatafuta mashuka, mapazia na mashati makubwa ya wanaume ambayo wateja wengine wameyaacha kwa sababu kola imechanika au kuna doa kifuani. Shuka huchakaa katikati, pembeni likabaki zima. Shati huchakaa kolani na kwenye viwiko, mgongo ukabaki mzima. Kinachomkimbiza mnunuzi wa kawaida ndicho kinachompunguzia fundi bei.

Kwanza kitambaa kinaangaliwa kwenye mwanga. Panapopenya mwanga kuliko sehemu nyingine, pamechoka. Kisha kinavutwa kwa vidole gumba viwili. Kikitoa sauti ya kuchanika, kinarudishwa. Nyumbani uzi mmoja huchomwa kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, lakini nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Kwa joto na unyevu wa huku Pwani mtoto anahitaji pamba. Vitambaa vya kuyeyuka humzuia jasho na vipele vya joto vikazidi.

Baada ya hapo ni kufua kwa maji ya moto na sabuni, kuanika juani hadi vikauke kabisa, na kupiga pasi pande zote mbili. Pasi si urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na mabuu yake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Moto wa pasi huyaua. Nguo za ndani za mitumba hatuzigusi kabisa. Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku kwa sababu za kiafya.

Kukata na kushona

Shati la mwanaume lina vifungo tayari. Fundi mzuri huacha sehemu hiyo ibaki kuwa mgongo wa gauni, akaokoa muda wa kutoboa matundu. Mikono miwili ya shati hutoa miguu miwili ya suruali ya mtoto wa mwaka mmoja. Shati jeupe la mtu mzima hutoa shati la shule, na hapa pana soko la uhakika: ada ya shule za sekondari za Serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare bado ni jukumu la mzazi.

Yapo mambo ambayo hatuyaachii bahati. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo shingo lazima ifunguke begani. Kamba za kufunga shingoni haziruhusiwi. Kifungo cha nguo ya mtoto hupigwa uzi mara nyingi na kuvutwa kwa nguvu kabla ya nguo kutoka, kwa sababu kikidondoka kinaishia mdomoni. Pindo liachwe pana, vidole vinne, ili mama alikunjue mtoto anapokua. Nguo iliyoongezwa urefu mara mbili imemwokolea mzazi bei ya nguo nyingine.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Tuchukue mfano, si bei rasmi ya soko. Shuka limenunuliwa kwa Sh. 4,000 na limetoa magauni 4, hivyo kila gauni lina kitambaa cha Sh. 1,000. Uzi, lastiki na vifungo Sh. 500. Nauli iliyogawanywa Sh. 500. Sindano, mafuta na matengenezo ya cherehani Sh. 300. Jumla Sh. 2,300. Likiuzwa Sh. 5,000 zimebaki Sh. 2,700, na hizo ndizo malipo ya mama kwa saa mbili za kazi. Likiuzwa Sh. 3,000 zimebaki Sh. 700. Mama asiyeandika huona ameshika Sh. 3,000 na kufurahi, kumbe amefanya kazi karibu bure. Ndiyo maana tunasisitiza daftari kabla ya cherehani ya pili.

Zawadi inayoumiza

Sasa tufike penye uzito. Soko kubwa la nguo za watoto huku kwetu ni Idi na Krismasi. Katika vikundi vyetu wapo mama Wakristo na mama Waislamu, na wote hushona usiku na mchana wiki za mwisho. Ikiwa wiki hiyohiyo usharika unagawa bure masanduku ya nguo za watoto kutoka nje, magauni yale yanabaki yametundikwa. Mtoto amepata nguo, lakini mama wa mtoto mwingine amekosa ada ya kikundi, marejesho ya mkopo na chakula cha sikukuu. Na mara nyingi ndani ya masanduku hayo kuna makoti mazito ambayo Bagamoyo hayana siku yake.

Dorkasi wa Yafa, tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume sura ya 9, alikumbukwa na wajane kwa nguo alizozishona alipokuwa anaishi pamoja nao. Walizijua kwa sababu walimjua aliyezishona.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika: mnapotaka kuvisha yatima na watoto wa familia duni, nunueni kwa vikundi hivi, agizeni miezi miwili kabla, na lipeni nusu ya fedha mapema ili mama anunue kitambaa. Tupeni pia chumba chenye mwanga, hata siku mbili kwa juma.

Kwa ndugu zetu wafadhili: badala ya sanduku la nguo, tuleteeni gharama ya cherehani ya miguu, isiyosimama umeme unapokatika, pamoja na mkasi mzuri, pasi ya mkaa, na malipo ya fundi atakayefundisha hadi mama ashone nguo ambayo jirani atainunua kwa hiari yake. Mkiwa na mashuka na mapazia ya pamba, hayo tunayapokea kwa furaha.

Tukifanya hivyo, mtoto atavaa vilevile siku ya sikukuu, na aliyemshonea naye atakuwa amelipwa. Magauni yako kwenye meza ile karibu na mlango, kila moja lina bei yake. Karibuni mchague.