Karafuu, Dola na Safari ya Masomo

(Mazungumzo yaliyotolewa katika hafla ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa nafasi tuzungumze juu ya vijana wetu, hasa mabinti, wanaotaka kwenda ng'ambo kusoma uchumi. Wako wanaouliza: uchumi wa dunia unatuhusu nini sisi watu wa kuweka na kukopa? Jawabu tunalianika wenyewe juani, juu ya majamvi.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na toka hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwetu. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa kwenye sigara. Ilipofika miaka ya 1980, Indonesia ilikuwa imepanda mikarafuu yake ya kutosha, ikaacha kututegemea, na bei ikaporomoka. Mchumaji wa hapa hakukosea kitu. Mti ulikuwa uleule, na kuanika kulekule. Jambo lilipangwa mbali, dhiki ikaingia majumbani mwetu. Basi binti anayekwenda kuyasoma haya haendi kutafuta ya watu, anakwenda kufahamu habari ya kwao.

Sasa tuje kwenye matayarisho. Tuseme ada ni dola 1,000. Mwanzoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 1,600, kwa hivyo zilitakiwa shilingi 1,600,000. Mwishoni mwa 2023 dola ilifika kiasi cha shilingi 2,500, na ada ileile ikawa shilingi 2,500,000. Chuo hakikuongeza hata senti, lakini mzazi kaongezewa shilingi 900,000.

Na sanduku letu, jamani, tunalivunja kila mwaka, tunagawana, tunaanza upya. Utaratibu huo umetufaa kwa biashara ndogo ndogo, kwa Sikukuu na kwa matibabu. Lakini shahada ni miaka mitatu au minne. Sanduku la mwaka mmoja litamfikisha mtoto njiani, limwache hapo. Kwa hivyo tunapendekeza iwepo hisa ya elimu, peke yake, isiyovunjwa, iwekwe benki. Tuchangie zaidi msimu wa karafuu, na kidogo kidogo miezi mingine.

Ufadhili nao upo. Ule wa Chevening wa Uingereza hulipa ada na nauli, ila ni wa shahada ya uzamili, na mwombaji awe amefanya kazi si chini ya miaka miwili. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar nayo hukopesha wanafunzi. Lakini pasipoti, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza, mtu hujilipia mwenyewe. Vyeti navyo tuvikague mapema. Fatma wa cheti cha kuzaliwa na Fatuma wa cheti cha shule, mbele ya ubalozi, ni watu wawili.

Tunajua wako wenye hofu ya kumtoa mtoto wa kike. Hofu ya mzazi ni haki yake. Lakini binti aliyetayarishwa, mwenye akiba nyuma yake, haendi kutangatanga.

Tunaomba mkutano mkuu uliamue jambo hili kabla sanduku halijavunjwa safari hii. Haba na haba hujaza kibaba.