Kidonda Kilicho Mdomoni mwa Kopo

Leo naomba mnivumilie nizungumze juu ya kitu ambacho huenda mnacho nyumbani, chini ya sinki au juu ya kabati. Nacho ni lile kopo refu la silikoni ambalo fundi hulipachika kwenye bunduki yake ya chuma, akaziba mianya ya dirisha au ya bafu. Hasa nataka tuutazame mdomo wake, ile pembe ya plastiki ambayo silikoni hutokea.

Miezi michache iliyopita alikuja kwangu kijana mmoja fundi bomba. Kazi ilikuwa ya nusu saa. Akaketi kwenye ndoo, akalibana kopo mapajani, akaushika ule mdomo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akauvuta wembe kuelekea kwake. Plastiki ile ni ngumu tena ya mviringo. Wembe ulikataa kuingia, akaongeza nguvu, ukaingia kwa ghafla na kupita mpaka kwenye kiganja. Damu ilikuwa nyingi, lakini si damu iliyotutisha. Tulipofika hospitali, daktari alimwambia akunje kidole cha shahada, kikakataa. Kano ilikuwa imekatika, ule uzi mweupe unaokivuta kidole kikunjike.

Nakiri kwamba njiani nilimgombeza. Nilimwambia, "Wewe kijana, hukufundishwa kwamba kisu hakivutwi kuelekea mwilini?" Akanijibu kwa adabu, huku ameushika mkono wake uliofungwa kitambaa, "Mzee, nilifundishwa. Lakini kile kitu kinashikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani nikalichukua lile kopo nikalitazama kwa makini, na kwa kweli hapana pa kushika. Mwenye kiwanda ameuza kitu kilichozibwa kabisa, akamwachia mnunuzi akifungue kwa chombo chochote chenye makali. Na hiyo ni hatua ya kwanza tu, kwani makopo mengi yana ngozi nyembamba ndani ya shingo, ambayo nayo lazima itobolewe kwa msumari au waya.

Mtaniuliza, kwa nini basi kiwanda kisiutoboe mdomo huo mapema? Sababu ipo, na ni ya haki. Silikoni huganda kwa unyevu wa hewa, na ile harufu ya siki mnayoisikia ni dalili kwamba inaganda. Ikiachwa wazi, ingekuwa mpira kabla haijamfikia mnunuzi. Tena kila kazi ina tundu lake. Ufa wa dirisha unataka tundu dogo, ukingo wa bafu unataka kubwa, ndiyo maana mdomo umechongwa kama pembe, fundi akate anapotaka.

Hapo ndipo penye mtego. Chukueni mfano wa asali ikisukumwa katika mrija. Ukipunguza upana wa tundu kwa nusu, kwa nguvu ileile itapita sehemu moja tu kati ya 16. Silikoni haifuati hesabu hiyo sawasawa, kwani hulainika kadiri inavyosukumwa, lakini mkono wa fundi unaujua ukweli huo. Akikata tundu dogo anakamua mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kwa hiyo anakata tena, juu kidogo. Kila mkato ni nafasi nyingine ya wembe kuteleza.

Dawa yake si ngumu. Yapo marashi ya macho, yale ya kwenye tyubu za bati, ambayo kifuniko chake kina mwiba kwa nje. Unakigeuza, unatoboa, kazi imekwisha bila kisu. Mwiba wa namna hiyo ungeweza kutoboa ile ngozi ya shingoni. Na mdomo wenyewe ungeweza kuwa na mifuo ya kuzunguka, mmoja kwa kila kipimo cha tundu, ukavunjwa kwa kuupinda kwa vidole. Wahandisi watasema mfuo ukiwa mwembamba mno utapasuka fundi anapokamua, silikoni imrukie usoni. Ni kweli, lakini kupima unene unaofaa ndiyo kazi wanayolipwa. Umbo la plastiki hubadilishwa mara moja kwenye kalibu, kisha hutoka maelfu kwa maelfu.

Wapo watakaosema wanunuzi wajifunze uangalifu. Zamani kule Marekani makopo ya soda na bia yalikuwa na pete inayong'oka yote, na watu waliitupa ovyo, ikawakata wengine miguu ufukweni. Uangalifu ulihubiriwa sana. Kilichosaidia ni kile kifuniko kilichoanza kutumika mwaka 1975, ambacho pete yake hubaki kwenye kopo, na ndicho mnachokifungua hadi leo.

Kwa sasa, ninyi mnaotumia vitu hivi, tazameni bunduki kabla ya kuinunua. Baadhi zina kitundu karibu na kishikio. Unaingiza mdomo wa kopo humo, unabana kifyatulio, unakatwa bila kidole kuwa karibu. Nyingine zina na waya wa kutobolea, umekunjwa chini yake. Nimewauliza mafundi watano kitundu hicho ni cha nini, na wanne walidhani ni cha kutundikia ukutani.

Yule kijana amerudi kazini. Kidole kinakunjika nusu, na kushika spana ndogo kunamsumbua. Juzi alikwenda dukani kutafuta bunduki yenye kitundu. Muuzaji alizigeuza zote zilizokuwa rafuni, hakuiona hata moja, akamwuliza, "Lakini wewe si una kisu?"