Chungu cha Mgonjwa wa Figo

Leo tuingie jikoni. Daktari akishasema potasiamu imepanda kwenye damu, mapishi ya nyumbani lazima yabadilike. Viazi, mihogo na ndizi za kupika vina potasiamu nyingi, lakini si lazima uviage kabisa. Menya, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi hadi viive, kisha maji yale yamwage, usiyafanye mchuzi. Potasiamu nyingi huondoka nayo. Kuloweka peke yake hakutoshi. Mchicha nao uchemshwe, ukamuliwe. Tui zito lipunguzwe.

Chumvi ipungue kwa nyumba nzima, jamani. Mgonjwa asitengewe chungu chake kana kwamba anaadhibiwa. Ladha itafutwe kwenye kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu. Birimbi tuliache, hata la achari: lina oksalati nyingi inayoumiza figo. Na tafadhali sana, msikimbilie chumvi mbadala. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, nayo ikizidi mwilini yaweza kusimamisha moyo.

Kiasi cha nyama, samaki na maharage hutegemea hatua ya ugonjwa, na kama mtu anasafishwa damu. Hilo kaulizeni kliniki, majibu ya vipimo yakiwa mkononi.