Bili ya Stima Ikizidi, Mteja Aanzie Wapi?



Bili ya stima ikipanda ghafla, mteja wa Kenya Power aanze na mita yake kabla ya kugombana na karani. Mita isiposomwa, bili huwa ya makadirio. Basi apige picha ya mita, namba zikionekana vizuri, alinganishe na zilizo kwenye bili. Kisha apige 97771 au atumie *977#, na adai namba ya malalamiko. Asiyekuwa nayo hurudishwa mwanzo kila akipiga simu.

Asiposikizwa, aende kwa EPRA, mdhibiti wa kawi. Na si kazi bure: Januari 2018, wakili Apollo Mboya alienda kortini kuhusu shilingi bilioni 10.1 za bili za nyuma, na Mahakama Kuu ikasitisha kwa muda utozaji huo.

Kuhusu kurudishiwa pesa, wengi hukosea tarakimu moja tu: tokeni hulipiwa 888880, bili ya mwezi 888888. Aliyekosea aripoti siku hiyohiyo, na asifute ujumbe wa M-Pesa hata simu ikijaa.