Jiwe Hili Lilikuwa Kiumbe?



Leo tuzungumze habari za mawe. Msicheke! Mwaka 1909 Wajerumani walianza kuchimba kilima cha Tendaguru, huku huku kwetu mkoani Lindi. Mpaka 1913 wapagazi walikwisha beba zaidi ya tani 200, kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Kumbe si mawe matupu! Ilikuwa mifupa ya dinosaria, wanyama waliokufa miaka milioni 150 hivi iliyopita, ikageuka mawe. Mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Hata leo yuko huko huko.

Jiwe la namna hiyo huitwa kisukuku. Tutalijuaje? Umbo peke yake hudanganya. Jiwe la kawaida laweza kufanana na yai au mguu. Tazameni pale lilipovunjika. Mfupa una vitundu vidogo vidogo ndani, kama mfupa wa ng'ombe ukikatwa. Kombe lina mistari iliyopangana sawasawa. Tumbawe lina vishimo kama nyota. Na hilo tunalikanyaga kila siku, maana mwamba wa pwani yetu ulikuwa matumbawe hai.

Mkiona kinachofanana na mfupa, msikigonge wala msiking'oe. Mahali kilipolala ndipo wataalamu hujulia umri wake. Wekeni alama, mkamwambie mwenyekiti wa kijiji apeleke habari kwa watu wa Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 inavilinda visukuku. Mtu akija na pesa zake, mwambieni hakiuzwi.